Moteri Kuukuu Iliyopata Nguvu Mpya

Kila mmoja wetu aliyepita katika njia za milima wakati wa mvua amekwisha kuona jambo hili. Motokari ya kale, yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, inapanda mlima pole pole. Moteri inanguruma, moshi mweusi unatoka nyuma, shoferi anarudisha vitesi mpaka ile ya kwanza, na mbele kidogo gari linasimama. Abiria wanashuka, wanakunja suruali na vitenge, wanasukuma. Wakiisha kufika juu, maneno yanaanza. Mmoja anasema: «Moteri hii imezeeka, itupwe.» Wa pili anasema: «Tutafute nyingine kubwa, tuiweke humo.» Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye fundi, hasemi neno, anafungua kifuniko na kutazama.

Leo tunataka kuwasimulia habari inayomfaa huyo wa tatu. Ni historia ya moteri moja ya petroli, iliyodharauliwa kuwa dhaifu na ya kizamani, mali ya kampuni iliyokuwa imefilisika. Baadaye moteri hiyo hiyo ilizunguka dunia nzima ndani ya gari liitwalo Jeep. Silinda zake hazikupanuliwa hata milimita moja, lakini nguvu zake ziliongezeka kupita mara mbili. Zilitoka wapi? Tukilifahamu jambo hilo tutajua pia twaweza kuidai nini moteri ya zamani, na tusiidai nini.

Kampuni iliyokuwa karibu kufa

Katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, palikuwa na kampuni iitwayo Willys-Overland. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na hata wakati wa vita, ilikuwa kampuni kubwa sana. Katika nchi ile ni Ford tu aliyeishinda kwa wingi wa motokari.

Mwaka wa 1926 kampuni hiyo ilitoa motokari ndogo iliyoitwa Whippet. Moteri yake ilikuwa na silinda nne. Upana wa kila silinda ulikuwa milimita 79 na kitu, na pistoni ilipanda na kushuka kwa mwendo wa milimita 111. Ukijumlisha nafasi ya silinda zote nne unapata lita 2,2. Nguvu zake zilikuwa kama za farasi 30 hivi. Kwa motokari nyepesi ya mjini zilitosha, lakini hakuna aliyefikiri kwamba moteri ile ingefanya makubwa.

Kisha ikaja shida ya fedha iliyoanza mwaka wa 1929. Watu wakaacha kununua motokari. Mwezi wa Februari 1933 Willys-Overland ikashindwa kulipa madeni yake, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Walimwachia kazi moja tu, kutengeneza motokari ndogo ya bei rahisi, iliyoitwa Willys 77. Ndani yake waliweka nini? Moteri ile ile ya Whippet, iliyosahihishwa kidogo hata ikatoa nguvu za farasi 48. Kampuni ikatoka katika mikono ya wasimamizi mwaka wa 1936, lakini ilitoka kama mgonjwa anayeanza kutembea: hai, bila mafuta mwilini.

Ndipo mwaka wa 1938 akaitwa injinia mmoja, Delmar Roos, ambaye rafiki zake walimwita Barney. Alizaliwa New York mwaka wa 1888. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama mkuu wa mainjinia katika kampuni ya Studebaker, kisha alikwenda kufanya kazi Uingereza. Aliporudi alikabidhiwa moteri hiyo ya zamani. Pesa za kubuni moteri mpya kabisa hazikuwapo. Alipaswa kutengeneza ile iliyopo, au kampuni ifuate njia ya kaburini.

Nguvu ni kitu gani?

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya neno hili «nguvu», kwa maana wengi hukosea hapo.

Mtazameni mama anayetwanga mihogo mikavu katika kinu. Kazi yake inategemea mambo mawili: uzito wa kila pigo la mchi, na wingi wa mapigo katika dakika moja. Akipiga kwa uzito mkubwa lakini mara chache, unga hautoki upesi. Akipiga mara nyingi lakini kwa ulegevu, vile vile. Moteri nayo ni hivyo. Ndani ya silinda, hewa iliyochanganyika na petroli inavutwa, inashindiliwa, inawashwa kwa cheche ya bujia, inalipuka na kuisukuma pistoni chini. Hilo ndilo pigo. Uzito wa pigo ndio unaopindua magurudumu, tutauita «uvutaji». Uvutaji ukizidishwa kwa wingi wa mizunguko katika dakika moja, hapo unapata nguvu za farasi.

Basi, mtu atakaye kuongeza nguvu ana njia tatu tu. Ya kwanza: moteri izunguke upesi zaidi. Ya pili: kila pigo liwe zito zaidi, yaani silinda ile ile ijazwe hewa nyingi zaidi, au hewa ishindiliwe zaidi kabla ya kuwashwa. Ya tatu: silinda ziwe kubwa zaidi, au moteri ibadilishwe kabisa. Bwana Roos alianza na njia ya kwanza. Wengi wangesema hiyo ndiyo rahisi: kanyaga mafuta, basi! Kumbe ndiyo ngumu.

Kazi ya Bwana Roos

Ubaya wa moteri ya zamani haukuwa kukosa nguvu peke yake. Ubaya wake ulikuwa kwamba haikuweza kuvumilia. Ukiizungusha upesi kwa muda, beringi zake ziliharibika na vyuma vyake vikashindwa. Roos hakuanza kwa kuuliza: «Nitaipataje kasi?» Aliuliza: «Kasi inavunja kitu gani?» Akajiwekea kipimo: moteri iweze kuzunguka mara 4.400 kwa dakika, muda wa saa 150, bila kuvunjika. Saa 150 ni siku sita mchana na usiku, na saa sita juu yake. Ni kipimo kikali kwa moteri ndogo ya bei rahisi.

Alifanya nini? Hakuna uchawi. Kwanza, alitaka kila kipande kikatwe na kusuguliwa kwa vipimo vya usahihi zaidi, ili nafasi kati ya chuma na chuma isiwe kubwa mno wala ndogo mno. Pili, alichagua vyuma vigumu zaidi vilivyochanganywa vizuri. Tatu, aliweka pistoni za alumini, nyepesi. Fikirini: moteri ikizunguka mara 4.000 kwa dakika, kila pistoni inasimama na kugeuka mara 8.000 katika dakika hiyo, juu na chini. Ikiwa ni nzito, inapiga beringi kama nyundo. Ikiwa nyepesi, beringi zinapumzika. Nne, gurudumu zito la nyuma ya moteri alilipunguza kutoka kilo 26 hivi mpaka kilo 14. Gurudumu hilo jepesi haliongezi nguvu yenyewe, lakini moteri inashika kasi upesi shoferi akikanyaga.

Yalipokwisha hayo, moteri ile ya kudharauliwa ilitoa nguvu za farasi 60 kwa mizunguko 4.000. Silinda ni zile zile za mwaka wa 1926. Nguvu zile mpya zilipatikana kwa sababu moteri iliweza sasa kuzunguka upesi pasipo kufa. Hili tulishike vema, kwa sababu tutalirudia: alitafuta uimara, na nguvu zikafuata.

Kilo mia moja za ziada

Katika mwezi wa Juni 1940 Ufaransa ilishindwa vitani na Wajerumani. Jeshi la Marekani likaona kwamba halina gari dogo jepesi la kupita mashambani na matopeni. Mwezi wa Julai liliziandikia kampuni 135: nani anaweza kutengeneza gari la magurudumu manne yote yenye kusukuma, na gari la kwanza liwe tayari kwa siku 49? Ni mbili tu zilizojibu: Bantam, kampuni ndogo ya Pennsylvania, na Willys-Overland. Willys iliomba muda zaidi. Bantam ndiyo iliyofaulu kuleta gari la kwanza kabisa, tarehe 23 Septemba 1940. Heshima hiyo hatuwezi kuwanyang'anya. Mwezi wa Novemba ikaja gari ya Willys, na baada yake ile ya Ford.

Sasa angalieni shida. Bantam na Ford walitumia moteri ndogo zenye nguvu za farasi 45 hivi. Ile ya Ford ilitokana na moteri ya trakta. Willys waliweka moteri ya Roos, yenye farasi 60. Katika milima na matope iliwashinda wenzake wazi wazi. Lakini ilikuwa nzito. Jeshi likatoa amri kwamba gari lisizidi ratili 2.160, ndiyo kilo 980. Gari ya Willys ilikuwa na kilo kama 1.100.

Hapo Roos alikuwa na njia mbili. Angeweza kuiondoa moteri yake na kuweka nyingine nyepesi na dhaifu. Uzito ungeshuka siku moja. Au aiache moteri, aipunguze gari yote iliyobaki. Alichagua ya pili. Gari likafunguliwa kipande kwa kipande na kila kipande kikapimwa. Misumari ya kukaza iliyokuwa mirefu kupita haja ikafupishwa. Mabati yakafanywa membamba mahali palipowezekana. Hata rangi ilihesabiwa, kwa maana rangi nayo ina uzito. Gramu kwa gramu, zaidi ya kilo 100 ziliondolewa, na moteri ikabaki mahali pake.

Je, wasomaji, mwaona jambo lililofichika hapa? Kupunguza mzigo ni namna mojawapo ya kuongeza nguvu. Farasi 60 zinazovuta kilo 980 ni kama farasi 67 zinazovuta kilo 1.100. Haba na haba hujaza kibaba. Na vile vile haba na haba hupunguza mzigo.

Mwezi wa Julai 1941 jeshi liliagiza kwa Willys magari 16.000. Baadaye mahitaji yakawa makubwa, hata Ford naye akapewa kazi ya kutengeneza gari la Willys pamoja na moteri yake. Mpaka mwisho wa vita mwaka wa 1945 viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa zaidi ya magari 600.000. Moteri ya Whippet ilikuwa imekwenda katika mchanga wa Afrika ya Kaskazini, katika theluji ya Urusi, na katika visiwa vya Pasifiki.

Kuvuta pumzi

Vita vikaisha. Willys wakaanza kuuza Jeep kwa raia, kwa ajili ya mashamba na kazi za kubeba. Kisha walitengeneza pia motokari kubwa zaidi za familia na kamyo ndogo, nyingi kwa moteri ile ile. Lakini mzigo sasa ulikuwa mkubwa, na farasi 60 zikaonekana chache. Njia ya kwanza ilikuwa imekwisha, kwa maana kuizungusha moteri upesi zaidi ya pale kungeivunja. Ikabaki njia ya pili, kuongeza uzito wa pigo. Na hapo mafundi walikutana na kosa la kuzaliwa la moteri hiyo: ilivuta pumzi kwa shida.

Tueleze. Kila silinda ina milango miwili midogo, iitwayo valvu. Mmoja unaingiza hewa na petroli, wa pili unatoa moshi. Katika moteri ya zamani milango yote miwili ilikaa ubavuni, bega kwa bega. Hewa ilipanda, ikagonga dari, ikapinda kona, ndipo ikashuka katika silinda. Moteri ikizunguka pole pole, hewa inapata wakati wa kupita. Ikizunguka mbio, mlango unafungwa kabla silinda haijashiba. Tena, kwa kuwa milango miwili iligombania mahali pamoja, wala mmoja haukuweza kuwa mpana. Ni kama mvukuto wa mhunzi wenye mdomo mwembamba: hata ukisukuma kwa nguvu, moto hauwaki inavyofaa.

Roos na wenzake hawakuitupa moteri. Walihamisha mlango mmoja tu. Mlango wa kutolea moshi ulibaki ubavuni kama zamani. Mlango wa kuingizia hewa wakaupandisha juu, katika kichwa cha moteri, moja kwa moja juu ya silinda, nao wakaufanya mpana zaidi. Sasa hewa ilishuka yenyewe bila kupinda kona. Moteri hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1950, ilitoa nguvu za farasi 72, na 75 pale kichwa kilipofanywa cha kushindilia hewa zaidi. Kampuni iliiita Hurricane, maana yake tufani.

Kulikuwa na gharama yake. Moteri ilirefuka kwenda juu kwa sababu ya mlango ule, hata haikuingia chini ya kifuniko cha Jeep ya zamani. Kwa hiyo Jeep ya raia ya mwaka wa 1953 ilipandishiwa kifuniko, ikawa na paji la uso refu. Ukiona leo Jeep kuukuu yenye uso mrefu namna hiyo, umekwisha kujua sababu.

Basi tuhesabu: farasi 30 mwaka wa 1926, 48 wakati wa Willys 77, 60 wakati wa vita, 72 mwaka wa 1950. Upana wa silinda ni ule ule, na mwendo wa pistoni ni ule ule. Moteri ya namna hiyo iliendelea kuwekwa katika Jeep za Marekani mpaka mwaka wa 1971, na kwa ruhusa ya kampuni ilitengenezwa pia Japani na India.

Nguvu si uvutaji

Lakini tusidanganyike na hesabu ya farasi. Kutoka moteri ya vita mpaka ile ya mwaka wa 1950 nguvu za farasi ziliongezeka sehemu moja ya tano. Uvutaji, yaani uzito wa pigo lenye nguvu kupita yote, haukuongezeka hata sehemu moja ya kumi. Kwa nini? Kwa sababu mlango mpana unasaidia hasa moteri ikizunguka mbio. Penye matope, moteri ikizunguka pole pole, tofauti ni ndogo.

Waingereza wanatupa mfano unaoonyesha jambo hilo kinyume chake. Bwana Maurice Wilks, mkuu wa mainjinia wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na huko alitumia Jeep iliyobaki baada ya vita. Aliipenda, akatengeneza gari la namna hiyo kwa nchi yake: ndiyo Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Moteri yake ilikuwa ya lita 1,6 na farasi 50. Wakulima walilalamika kwamba inakosa uvutaji. Mwaka wa 1952 Rover walifuata njia ya tatu: walipanua silinda mpaka lita 2. Farasi ziliongezeka mbili tu, zikawa 52. Mtu asiyefahamu angecheka: gharama yote hiyo kwa farasi wawili? Lakini uvutaji uliongezeka robo nzima, tena ulipatikana kwa mizunguko michache zaidi. Mkulima mwenye kulima na kuvuta magogo alitambua faida siku ile ile.

Tena Jeep yenyewe haikuitegemea moteri peke yake. Ilikuwa na sanduku la pili la vitesi. Shoferi akishika vitesi ya kwanza na kuteremsha lile sanduku la pili, moteri huzunguka zaidi ya mara 25 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Uvutaji wa moteri unazidishwa mara 25 hivi kabla ya kufika chini. Ndiyo maana gari la farasi 60 lilipanda mahali ambapo motokari kubwa za mjini, zenye farasi 100, zilikaa chini zikitazama.

Njia ya kubadilisha kabisa

Hatukusahau yule wa pili wa pale mlimani, aliyetaka moteri kubwa. Naye ana haki ya kusikilizwa, kwa maana kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. Kampuni ya Kaiser, iliyoinunua Willys mwaka wa 1953, ilianza mwaka wa 1965 kuuza Jeep zenye moteri ya silinda sita iliyotoka kwa Buick. Ilikuwa ya lita 3,7 na nguvu za farasi 160, zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani.

Lakini kiwanda hakikuiweka moteri hiyo na kuacha vingine vyote. Pamoja nayo kilibadilisha sanduku la vitesi. Mwenye kuchukua moteri kubwa na kuiingiza katika gari kuukuu huku akiacha vingine kama vilivyo, amehamisha tu mahali pa kuvunjika. Jana moteri ilishindwa mlimani; kesho itavunjika mihimili ya nyuma, au radieta itachemka, au, mbaya kuliko yote, breki za farasi 60 zitatakiwa kusimamisha gari la farasi 160 penye mteremko wenye watu.

Tunajifunza nini?

Sasa turudi mlimani kwetu. Gari limesimama, abiria wana matope mpaka magotini. Historia hii inatushauri tufuate utaratibu gani?

Kwanza, tutafute nguvu zilizopotea kabla ya kununua mpya. Moteri iliyotoka kiwandani na farasi 60, baada ya miaka mingi pengine inatoa 40. Nyingine zimekwenda wapi? Valvu hazifungi sawasawa, hewa iliyoshindiliwa inapenya nje. Ringi za pistoni zimelika. Chujio la hewa limejaa vumbi, moteri haivuti pumzi. Cheche ya bujia inatoka mapema mno au imechelewa. Kabureta inamimina petroli kupita kiasi. Moshi mweusi ule tuliouona ni petroli tuliyoilipia, nayo inatupwa hewani. Pengine moteri haina kosa lo lote: ni breki inayokamata gurudumu daima, au matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, yanayoifanya kila vitesi iwe nzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, tukumbuke mahali tunapokaa. Hewa ya milimani ni nyembamba. Kwa kila meta 1.000 za kupanda, moteri ya namna hii inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kule Bukavu, kwenye meta 1.500 hivi, farasi 60 zimekwisha kuwa 51, hata kama moteri ni mpya. Tusiilaumu moteri kwa kosa la mlima. Willys walilijua jambo hilo, wakatoa kwa nchi za juu kichwa cha moteri chenye kushindilia hewa zaidi. Fundi mwema anaweza kupata faida ya namna hiyo kwa kukwangua kichwa cha moteri kidogo, ili nafasi ya juu ya pistoni ipungue. Ni kidogo tu! Akizidisha, petroli hafifu italipuka kabla ya wakati wake, moteri itagonga kama nyundo kwenye fuawe, na pistoni itatoboka.

Tatu, tupunguze mzigo. Mara nyingi gari halikosi nguvu. Limebeba tu magunia na watu kupita kipimo. Kumbukeni misumari ya Bwana Roos.

Nne, baada ya hayo yote, ikiwa nguvu hazitoshi bado, hapo ndipo tufikiri juu ya kichwa kipya au moteri nyingine. Na tuanze na breki, radieta na beringi.

Delmar Roos alikufa mwaka wa 1960. Sifa yake ni kwamba alipopewa kitu kilichodharauliwa hakukitupa, wala hakukidanganya kwa kukikanyagia mafuta. Alikifungua, akatafuta kila mahali penye udhaifu, akapatengeneza. Yule fundi wetu anayefungua kifuniko bila kusema neno, huku wengine wakigombana, anafanya kazi ile ile. Tumpe nafasi, na tumwangazie taa.